Kompyuta Ilinyamaza, Nami Nikaaibika

Msomaji mpendwa, umewahi kusutwa na mashine? Mimi yamenipata, na sioni haya kukusimulia.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiitungia nyimbo kwaya yetu ya mtaani hapa Nairobi. Mwezi uliopita binti yangu, aliye chuoni, alinitilia katika kompyuta programu yenye sauti za waimbaji. Usidhani ni miujiza. Waimbaji wa kweli waliingia studioni wakaimba noti moja moja, kwa upole na kwa nguvu, kisha kila noti ikapewa kitufe chake cha kinanda. Ukibonyeza, kwaya inaitika. Wazo lenyewe si geni. Huko Uingereza kinanda kiitwacho Mellotron kilitokea mwaka wa 1963, na kila kitufe kilivuta ukanda wa sauti uliodumu kama sekunde 8.

Basi nikaketi kuujaribu wimbo wangu niupendao kuliko zote. Sauti ya kwanza ikaimba, mke wangu akatoka jikoni kuuliza ni wageni gani walioingia. Sauti ya pili, safi kabisa. Nilipofika sauti ya tatu, ile ya wanaume, mambo yakaenda mrama. Kila nilipogusa kilele cha wimbo, kimya! Nikailaumu programu, nikailaumu kompyuta. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

"Baba, haijaharibika," binti yangu akasema. "Wanaume waliorekodiwa hawakuimba noti hiyo. Iko juu mno."

Nilihisi kana kwamba nimemwagiwa maji baridi. Miaka mitatu iliyopita kijana mmoja, fundi wa baiskeli mwenye sauti nzuri ajabu, aliniambia mazoezini, "Mwalimu, hapo sifiki." Nikamjibu kwamba mvivu hakosi sababu. Wenzake wakacheka. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala hakurudi tena. Kumbe hata waimbaji stadi hawakupanda hapo, nami nilimtaka yeye apande baada ya kushinda kutwa ameinamia minyororo na mafuta! Waliobaki walikuwa wakijikakamua kimyakimya kwa kuniheshimu. Mashine hainiheshimu, ndiyo maana ikaniambia ukweli.

Usiku huo niliushusha wimbo. Asubuhi nikampigia kijana simu, nikamwomba radhi bila kuzungukazunguka. Akanyamaza kitambo, nikadhani naye amekuwa kama ile programu. Kisha akauliza, "Mwalimu, mazoezi bado ni saa tisa?"

Nawe msomaji, uwe mzazi, mwalimu au kiranja wa darasa, mtu akikwambia hafiki, usikimbilie kumwita mvivu. Angalia kwanza ni wapi ulikoiweka noti yako.