Folda niliyoiita "Wazito"

Leo siko na mbinu tano za chochote. Niko na kitu kimoja nilikosea, na nadhani wengi wetu tunaopenda kusema "teknolojia itaokoa shule" tuko njiani kukikosea pia.

Kwa wale hamnijui vizuri: nilimaliza KCSE 2024. Badala ya kukaa nyumbani Kisii nikingoja kuitwa chuo, anti yangu, ambaye ni mwalimu wa Gredi ya 3 upande wa Nyamira, aliniambia niende nimsaidie. "Si wewe unajua simu? Kuja uzitumie kwa kazi ya maana." Darasa lilikuwa na watoto 52. Anti mmoja, ubao mmoja, na mimi na simu yangu yenye kioo kimepasuka.

Ngoja kwanza, mnakumbuka zile tableti? 2013 serikali iliahidi laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Ahadi ikageuka tableti, na kuanzia 2016 zikaanza kufika mashuleni chini ya mpango wa DigiSchool. Nchi nzima viligawiwa vifaa zaidi ya milioni 1. Mimi wakati huo nilikuwa darasa la nne, kwa hivyo kazi yangu ilikuwa kuchungulia dirishani nikiona wadogo wakibonyeza vitu. Wivu ulinikaba, manze.

Sasa nikafika kwa anti nikijua nitazikuta. Nilizikuta kweli, kwa stoo yenye grili, chache ndizo zilikuwa bado zinawaka. Na zile zilizowaka zilimpa kila mtoto kitu kile kile. Anayesoma kama mtangazaji wa redio na anayehangaika na silabi wote waliangalia ukurasa mmoja. Hapo nikaelewa kuwa kumpa kila mtoto kifaa chake ni jambo moja, na kumpa kila mtoto somo linalomfaa ni jambo lingine kabisa.

Kulikuwa na dogo mmoja wa dawati la mwisho. Alikuwa amehamia tu, ametoka kwa magokoro wake ndani ndani huko, mahali Kiswahili ni cha redioni na Kiingereza ni cha wageni. Siku ya kwanza nilimpa programu ya bure niliyopakua, ya kusoma maneno. Ikatokea picha ya mama amebeba mtoto, na chini maneno mawili: "baba" na "mama". Dogo akabonyeza "baba". Simu ikalia ile sauti ya kukosa. Picha ya mwanamume ikaja, akatafuta neno, hakuliona, akaniangalia tu.

Kama wewe ni Mgusii ushacheka. Kwa Ekegusii, baba ni mama mzazi. Mwanamume ni tata. Dogo alikuwa sahihi kabisa kwa lugha ya kwao, lakini programu haikujua ametoka wapi. Ilimpigia kelele tu. Na mimi, Mgusii wa tauni, nilichukua sekunde kadhaa kushtuka. Aibu.

Hiyo wikendi nilipanda matatu hadi Kisii, nikaingia saiba, nikapakua hadithi fupi na video za hesabu nikajaza kadi ya kumbukumbu. Halafu nikamrekodi anti akisoma hadithi moja kwa njia tatu. Ya kwanza pole pole, akieleza kila neno kwa Ekegusii. Ya pili Kiswahili kitupu. Ya tatu ilikuwa na maswali ya mtego mwishoni. Tukaomba simu mbili za walimu wengine, tukagawa darasa mara tatu. Kundi moja linasikiliza, lingine linaandika, lingine liko na anti ubaoni, kisha wanabadilishana.

Ilifanya kazi! Dogo alikuwa anaweka simu sikioni kama mzee anayepokea simu ya Nairobi, anasikiza sentensi, anarudisha, anasikiza tena. Hata mara kumi. Simu haichoki, na haiulizi "bado hujaelewa?" mbele ya wenzako. Kwa mtoto ambaye amezoea kuchekwa, hiyo peke yake ni kitu kikubwa.

Sasa nilipokosea. Ndani ya simu nilikuwa na folda tatu, na nilizipa majina ya haraka haraka: Wajanja, Kati, Wazito. Nilijiambia ni mpangilio wangu tu, nani ataona?

Karibu wiki ya tano, dogo akaja kuchukua simu. Akaweka kidole kwa kioo na kusoma kwa sauti, bila mtu kumsaidia: "Wa-zi-to." Nilikuwa karibu kumpigia makofi. Kisha akauliza, "Tichaa, mbona wazito? Mimi ni mwembamba."

Msichana wa dawati la mbele akamweleza maana. Si kwa ubaya, watoto huelezana tu. Dogo aliweka simu chini, akarudi dawati la mwisho. Siku mbili hakuigusa. Miezi ya watu kumwita mzito kwa mdomo hakujua Kiswahili vya kutosha kuelewa. Mimi ndiye nilimfundisha kusoma, akasoma hilo.

Anti hakunigombeza sana. Aliniambia kitu kimoja: "Huyo unayemwita mzito, umewahi kumuuliza hesabu?" Sikuwa nimewahi. Kumbe kwa magokoro wake alikuwa anapeleka majani chai kupimwa, na kujumlisha kilo kichwani ilikuwa kazi yake. Tukampa hesabu za kilo na bei, akawamaliza "wajanja" wangu wote.

Nikafuta majina. Folda zikawa Chai, Ndizi na Wimbi, na hakuna mtoto alikuwa na folda yake. Kazi ndiyo ilikuwa na folda. Leo uko Chai kwa kusoma, uko Wimbi kwa hesabu, wiki ijayo tunaangalia tena. Nilimwomba dogo msamaha, kwa Ekegusii. Akaniuliza kama hadithi mpya imefika.

Kuna mtu mnamjua, Peter Mokaya Tabichi. Mokaya, jina la kwetu hilo. Alikuwa anafundisha sayansi Keriko, huko Njoro, Nakuru, shule yenye kompyuta moja na wanafunzi 58 kwa mwalimu mmoja. Alikuwa anaenda saiba kupakua vitu vya kutumia darasani bila intaneti. 2019, kule Dubai, alishinda tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni 1. Wanafunzi wake walikuwa wametengeneza kifaa cha kuwasaidia watu wasioona na wasiosikia kupima vitu. Shule hiyo kompyuta ilikuwa moja tu. Kilichokuwepo kwa wingi ni mtu aliyewaamini watoto ambao wengine walishawapimia mwisho wao.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Kifaa kinaweza kumpa kila mtoto njia yake na mwendo wake, na hiyo nataka iwe kila shule, kuanzia hizo za stoo zenye grili. Lakini kifaa hicho hicho kinaweza kumgawa mtoto na kumbandika jina haraka kuliko mwalimu yeyote, na hilo jina likabaki ndani ya mashine. Ukiwa unatengeneza programu, au unamfundisha tu ndugu yako mdogo kwa simu, andika kila folda ukijua siku moja atajifunza kusoma.