Ndururu ya Bikizee na Senti za Mfalme Edward

Senti kumi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1936 haina kichwa cha mfalme. Katikati pana tundu, na kando yake pameandikwa EDWARDVS VIII. Hapa Nyacheki, kwenye vilima vya Bobasi ambako riziki imenileta na duka langu, umezuka uvumi kwamba sarafu hiyo imekosewa kiwandani: kichwa kilisahauliwa, na herufi U ikaandikwa V. Wavumishaji huongeza kuwa mwenye nayo ameukata.

Ndugu msomaji, hapo hapana kosa. Senti zetu za tundu hazikuwekwa sura ya mfalme yeyote. V ni mwandiko wa Kilatini cha kale, na GEORGIVS ameandikwa vivyo hivyo. Edward wa Nane alirithi ufalme Januari 1936 akauacha Desemba mwaka huohuo, lakini senti zenye jina lake zilikuwa zimekwisha kupigwa kwa mamilioni. Herufi H na KN ni alama za viwanda viwili vya Birmingham, Heaton na Kings Norton. Na anayeona senti ya 1949 haina maneno IND:IMP asidhani yamefutika: India ilijitawala 1947, basi cheo cha Kaizari wa India kikaondolewa.

Kosa la kweli ni lile lililotokea kabla sarafu haijatoka kiwandani. Kipande cha madini kikikaa upande chini ya muhuri, sehemu moja ya sarafu hubaki tupu kama mwezi mwandamo, na maandishi ya upande wa pili hukatika. Kipande kikitoka kimemegeka tangu awali, ukingo unaolikabili pengo hufifia. Aliyekata kwa tupa nyumbani hawezi kuuiga ufifiaji huo. Tundu nalo lina ushahidi wake. Lililotobolewa kabla ya kupigwa chapa huwa na kingo laini, zilizochakaa sawa na uso wa sarafu. Lililotobolewa baadaye hukwaruza nakshi na kuacha makali. Kioo cha kukuzia na mizani ya sonara vyatosha kwa mengi ya haya, pamoja na sarafu nyingine ya mwaka uleule ya kulinganishia. Kusugua kwa majivu au limau ni kuua ushahidi.

Nimeyasema haya kwa sababu ya bikizee jirani yangu. Marehemu mumewe alimwachia senti zilizotungwa kwenye uzi wa katani, naye alitumaini zitamlipia mjukuu karo. Dalali mmoja alifika siku ya soko akataka utungo wote kwa shilingi mia tano. Bikizee alikataa kuiachia ile ya 1936, ila ndururu moja iliyotoboka kombo alikuwa tayari kumpa kama nyongeza. Dalali akakubali upesi mno, na upesi ule ndio ulionitia shaka.

Niliomba kuitazama. Tundu lake lilikaribia ukingo na kuila pembe moja ya ndovu, lakini kingo zake zilikuwa laini pande zote. Nikamweleza mama yule yote mawili: kwamba senti aliyoing'ang'ania ni ya kawaida, na kwamba ndururu ile isitoke mkononi mwake. La kwanza lilimuuma, nami niliona.

Dalali alisema biashara ni makubaliano, na mimi nimemkata riziki. Lakini Mtume wetu (s.a.w.) alikataza kuwapokea wenye misafara njiani kabla hawajafika sokoni kujua bei, na aliyeuza hivyo akampa hiari akishafika sokoni. Sioni tofauti kati ya msafara ule na mjane wa Nyacheki ambaye soko la sarafu liko mbali naye. Na kama angekuwa yeye anayeuza tundu la msumari kwa jina la kosa la kiwanda, ningemwambia pia kuwa hiyo ni ghushi.

Ndururu imefungwa kwa karatasi, haijasuguliwa. Picha za pande zote mbili nimewapelekea wanunuzi wawili wa Mombasa. Mmoja amejibu akitaka uzito wake, na shule zinafunguliwa baada ya wiki tatu.