Maji Hufuata Chumvi



Leo nataka kusema juu ya jambo ambalo huku Banalia watu wanalisema kwa sauti ndogo: bibi na bwana kukosa mtoto. Karibu kila mara, mwenye kulaumiwa ni bibi. Tuangalie biolojia inasema namna gani.

Kila mtu wa kando ya Aruwimi anajua: ukitia samaki chumvi, baada ya muda kidogo maji yanatoka. Maji hufuata chumvi. Ndani ya mwili ni vilevile. Seli ziko na milango midogo sana ya proteini inayopitisha chembe za chumvi. Mlango mmoja unaitwa CFTR: unatoa kloridi na bikabonati nje ya seli, na maji yanafuata. Mwingine unaitwa ENaC: unaingiza sodiamu ndani, na maji yanarudi.

Wataalamu waliochunguza panya waliona kwamba tumbo la uzazi linatumia milango hiyo kwa zamu. Yai likikaribia kutoka, homoni ya estrojeni inaongeza CFTR na maji yanakuwa mengi. Bikabonati nayo inazitayarisha mbegu za baba ziweze kuingia ndani ya yai. Baadaye inakuja homoni ya projesteroni, na ENaC inanyonya maji yale. Kuta zinakaribiana, mimba changa inapata pahali pa kushika.

Sasa mikrobi wanaharibu zamu hiyo. Profesa Chan Hsiao Chang na wenzake wa Hong Kong walionyesha kwamba klamidia inaongeza CFTR kupita kiasi. Mrija wa uzazi ukiisha kuziba kwa kovu, maji yanajaa humo, hayana njia. Na ugonjwa huu mara nyingi hauumi hata kidogo.

Kwa upande wetu si habari ngeni. Uchunguzi wa hesabu ya watu wa 1955 mpaka 1957 ulionyesha kwamba kaskazini ya Kongo, kama kule Uele, wanawake wengi hawakupata hata mtoto mmoja. Magonjwa ya zinaa yalikuwa sababu kubwa.

Na bwana je? Tangu jeni ya CFTR ilipojulikana mwaka 1989, imeonekana kwamba wanaume wengine wanazaliwa bila mirija ya kupitisha mbegu, kwa sababu mlango ule una kasoro. Mtu huyo anaweza kuwa na afya na nguvu zake zote, lakini mbegu hazitoki. Kisonono pia kinaweza kuziba mirija ya mwanaume. Kwa macho hutajua.

Shangazi yangu alirudishwa kwetu baada ya miaka sita ya ndoa, na mali ikadaiwa. Bwana wake akaoa mwingine, na mpaka leo nyumba ile haina mtoto. Hakuna mtu aliyemwambia bwana yule aende kwa munganga. Shangazi anauza mihogo sokoni, na watu wanamwita tasa. Huyo ndiye aliyenibeba mgongoni. Siwezi kunyamaza.

Katika Biblia, Elkana hakumrudisha Ana kwao. Alimpenda vile alivyokuwa, na hata hakujua habari ya seli. Sisi tunaosoma biolojia tutajitetea kwa neno gani?

Vijana wenzangu, tujilinde. Anayechomwa wakati wa kukojoa asifiche. Aende kutibiwa mapema, na mwenzake vilevile. Na siku nyumba ikikosa mtoto, waende kupimwa wawili, bwana pamoja na bibi, kabla wazee hawajakaa kuhesabu mali.

Mungu awabariki.

Mkuu wa wanafunzi, darasa la sita