Tulimfukuza Tukadhani Tumewalinda Watoto

Nilikosea. Mtu aliyefungwa kwa kumnajisi mtoto alirudi Kafutuma, kijiji chetu cha ufukoni mwa Ziwa Mweru nchini Zambia, baada ya kumaliza kifungo chake, na mimi ndiye niliyesimama mkutanoni nikasema aondoke. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa katika kamati ya kijiji ya kulinda watoto, watu walinisikiliza, na nikawaongoza vibaya.

Wakati ule niliona natenda haki. Sheria ya Zambia, kama ilivyorekebishwa mwaka 2005, ilimwekea anayemnajisi mtoto wa chini ya miaka 16 kifungo kisichopungua miaka 15, ambacho kiliweza kufika cha maisha. Niliisifu sheria hiyo kila nilipozungumza na wazazi, na hadi leo naiunga mkono. Nilipotea pale nilipoamini kwamba kazi ya kuwalinda watoto inakwisha lango la gereza linapofungwa, na kwamba likifunguliwa, dawa ni kumtimua anayetoka. Sikuuliza alisaidiwaje kubadilika huko ndani. Sikuuliza angelala wapi, angekula nini, wala nani angemwangalia.

Aliondoka kwa mtumbwi. Tulipongezana.

Sisi wa ufuko huu tunajua kwamba Ziwa Mweru halimzuii mtu. Vyombo vinakwenda na kurudi kati ya Nchelenge, visiwa na ng'ambo ya Kongo. Kambi za wavuvi hujaa na kupungua kwa kufuata samaki, na uvuvi unapofungwa, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, watu hutawanyika. Mwanamume mwenye nguvu za kuvuta wavu haulizwi maswali mengi. Huyu naye alipata kazi katika kambi nyingine, akapewa pa kulala katika nyumba yenye watoto.

Habari hiyo niliipata sokoni Kashikishi. Mama mmoja wa kambi ile, aliposikia natoka Kafutuma, alinivuta kando. "Baba, ninyi mlimjua," akasema. "Mbona hamkutuambia?" Nilifungua kinywa nimjibu kwamba tulikuwa tukiwalinda watoto. Jibu halikutoka. Nilikuwa nimetambua watoto niliowafikiria siku ile ni wa nani: walikuwa wetu peke yetu. Tulichota maji katika mtumbwi wetu tukayamwaga katika mtumbwi wa jirani. Mtoto wa kike wa nyumba ile alikuwa ameumizwa, na kesi ilikuwa imeshafika polisi. Aliyelipa gharama ya neno langu ni yeye.

Siwezi kusema kwamba angebaki Kafutuma asingemgusa mtoto. Ninachojua ni kwamba kwetu kila mzazi alimfahamu, na kule hakuna aliyemfahamu. Tulimwondoa mahali penye macho.

Tangu hapo nimejifunza mambo ambayo ningepaswa kuyajua kabla ya kusimama. Matibabu ya watu wa namna hii hayafuti kosa. Mtu huketishwa na mtaalamu, peke yake au kikundini, akatakiwa kueleza bila visingizio jinsi alivyofika kwenye tendo lile: mawazo yaliyotangulia, pombe, nafasi aliyoitafuta ya kuwa peke yake na mtoto. Kisha hupangiwa namna ya kuishi mbali na nafasi hizo, na watu wa kumfuatilia.

Si kila matibabu yanafaa. Uingereza iliendesha programu kubwa magerezani kwa miaka mingi, na utafiti wa serikali uliotoka mwaka 2017 ukaonyesha kwamba asilimia 10 ya waliopitia programu ile walirudia makosa ya ngono, dhidi ya asilimia 8 ya wasioipitia. Iliachwa, zikaja nyingine. Kumbe hata tiba hupimwa, na isiyofanya kazi hubadilishwa. Kazi haiishii gerezani pia: nchini Kanada, katika mji wa Hamilton, mchungaji Harry Nigh na waumini wake walianza mwaka 1994 kumzunguka mtu aliyetoka gerezani kwa makosa dhidi ya watoto: walimtembelea, wakamsaidia maisha, wakamuuliza maswali magumu usoni. Mpango huo ukaenea nchi nyingine. Karibu nasi, Sheria ya Makosa ya Ngono ya Kenya ya mwaka 2006 inaipa mahakama uwezo wa kuamuru mkosaji hatari awe chini ya uangalizi wa muda mrefu baada ya kifungo, pamoja na programu ya kumrekebisha.

Ndugu msomaji, huenda siku moja mtu kama huyu akarudi kijijini kwako, nawe ukapewa nafasi ya kusema. Usiseme nilivyosema mimi. Usimpige, usimtimue, wala usimwachie mtoto hata kwa dakika moja. Mjulishe mkuu wa kijiji na polisi, na mkubaliane nani atamtembelea na wapi hataruhusiwa kufika. Mtoto aliyeumizwa na familia yake wawe wa kwanza kusikilizwa. Na viongozi wakija kuomba kura, waulize swali ambalo mimi sikuuliza: katika miaka yote ile ya gerezani, mtu huyu anatibiwa na nani?