Miti Iliyoshushwa kwa Kupandishwa

Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, ni nchi ya vilima, ng'ombe wa maziwa na barabara nyembamba zilizobanwa na kingo ndefu za udongo. Juu ya kingo hizo huota miti ya ash, na mwaka 2019, nilipokuwa mkwea miti katika timu ndogo ya ukataji huko, mingi ilikuwa na urefu wa mita 25 na zaidi. Matawi yake yalitanda juu ya barabara, nyaya za umeme na mapaa ya watu. Na ilikuwa inakufa.

Iliuawa na kuvu aitwaye Hymenoscyphus fraxineus. Asili yake ni Asia ya Mashariki, ambako miti ya ukoo huo imeishi naye muda mrefu bila madhara makubwa. Ulaya dalili zilianza kuonekana Poland mapema miaka ya 1990, na Uingereza ugonjwa ukathibitishwa mwaka 2012. Kuvu huyu hukaa kwenye vikonyo vya majani yaliyoanguka chini, kisha kiangazi kikifika hurusha vijimbegu vinavyobebwa na upepo hadi kwenye majani mabichi. Mti huanza kukauka kileleni. Ukishadhoofika, kuvu wengine huingilia mizizi na sehemu ya chini ya shina.

Mbao ya ash mzima inasifika kwa kuhimili mshindo, ndiyo maana Waingereza wamechonga mipini ya mashoka na nyundo kwayo tangu zamani. Hupinda kabla ya kuvunjika. Mti mgonjwa haupindi. Tawi lenye unene wa paja hukatika kama biskuti, bila mlio wa kukuonya. Hapo ndipo shida ilipo, kwa sababu mkwea miti huutegemea mti uleule anaoukata. Kamba yake imefungwa juu yake, mguu wake umekanyaga juu yake. Mti ukishakuwa hauaminiki, lazima atafute kitu kingine cha kuning'inia. Kwetu sisi kitu hicho kilikuwa kreni.

Kreni ilifika asubuhi mapema, barabara ikafungwa, miguu yake ikatandazwa juu ya mabamba mapana ili isizame kwenye udongo. Watu wengi hudhani kreni ya tani 60 hunyanyua tani 60 popote pale. Sivyo. Kadiri mkono wake unavyonyooka kwenda mbali, ndivyo nguvu yake inavyopungua, na mti ukiwa ng'ambo ya nyumba hubakiwa na tani chache tu. Kwa hiyo kazi yote ni hesabu ya uzito. Kipande cha shina chenye kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa mita 3 kina karibu kilo 700 kikiwa kibichi, na anayekadiria ni mtu aliyeko juu, kwa macho, kabla hajawasha msumeno.

Nilikuwa nikipandishwa kwa ndoano ya kreni hadi kileleni. Nikizungusha mikanda ya kunyanyulia kwenye kipande, juu ya kitovu cha uzito ili kisije kikapinduka, kisha nikishuka na kujifunga kwenye shina chini ya pale pa kukata, mahali palipokuwa bado pazima. Dereva akivuta kidogo, mikanda ikikaza. Nikianza kukata, nilitazama mwanya wa msumeno. Ukiziba na kubana mnyororo, amevuta kidogo mno. Ukifunguka kwa nguvu, amevuta kupita kiasi na kipande kitaruka. Akivuta sawasawa, mwanya hubaki na upana uleule hadi nyuzi za mwisho, kisha kipande huachana na shina na kupanda kiasi cha kiganja, kikitulia hewani. Nilikuwa nikizima msumeno na kukitazama kikienda zake. Mpaka leo sijaona kazi ya mikono iliyonipendeza kuliko hiyo.

Baba yangu alikuwa mpasua mbao huko Lushoto. Alipasua miti ya mikulo kwa msumeno wa watu wawili, gogo likiwa juu ya shimo. Jioni moja nilimpigia simu, nikamwamkia, nikamsimulia.

"Sasa ukishaukata unauangushia wapi? Si umesema kuna nyumba pande zote?"

"Hauanguki, baba. Unapanda juu, unapita juu ya paa, unalazwa shambani."

Akafikiri. "Na huyo wa kwenye mashine anakuona?"

"Mara nyingine hanioni kabisa. Tunasikilizana kwa redio."

"Basi ni kazi ileile," akasema. Miaka yote yeye ndiye aliyesimama shimoni, vumbi la mbao likimwingia machoni, akivuta msumeno na mtu wa juu asiyemwona. Alijua kwamba mbao hunyooka pale tu mmoja anapouhisi mkono wa mwenzake. Wahandisi wengi walioniuliza habari za kreni hawakugusa swali hilo lake la kama dereva ananiona.

Katika shamba moja tulishusha safu nzima ya miti kando ya barabara, na katikati yake ulikuwapo mmoja wenye majani tele hadi kileleni. Wataalamu hukadiria kwamba kati ya asilimia 1 na 5 ya miti ya ash ina uwezo wa kuhimili ugonjwa huu, na hiyo ndiyo inayotafutwa kwa ajili ya mbegu za kesho. Mwenye shamba alitaka nao ukatwe, kwa kuwa kreni ilishalipiwa siku nzima. Kiongozi wetu alikataa, akamweleza kwa upole, wakaelewana.

Hoja ile ya mashine iliyolipiwa nimeisikia mahali pengi tangu hapo. Ukiisikia nawe, iwe ni Devon au ni Lushoto, mkatalie anayeitoa. Mti mzima usikatwe kwa sababu ya saa za kreni zilizobaki.