Sikio la Konda

Ile kitu unaninginiza hereni si sikio. Hiyo ni mlango tu. Sikio lenyewe limezikwa ndani ya mfupa wa fuvu.

Sauti ikigonga ngoma, mifupa mitatu inapokezana: nyundo, fuawe, kikuku. Kikuku ndio mfupa mdogo zaidi mwilini, kama milimita 3 hivi. Kutoka hapo sauti inaingia kwenye kitu kilichojikunja kama gamba la konokono, kimejaa maji, na humo ndimo kuna seli zenye vinyweleo. Wimbi likipita vinyweleo vinainama, neva inapeleka habari kwa ubongo. Kila sikio lina seli kama 16,000. Hazijazi hata nusu ya Kasarani.

Nimesoma haya kwa sababu ya bro yangu. Ni konda wa nganya ya Rongai, mwaka wa tisa sasa, spika iko juu ya kichwa chake. Besi anaisikia poa. Injini ikianza kukohoa, anajua kabla ya dere. Lakini bibi yake akimuuliza, "Umefika?" yeye anajibu, "Nishike nini?"

Sababu iko. Seli za sauti nyembamba zimepangwa upande wa mlango wa lile gamba, za sauti nzito ziko ndani kabisa. Kelele inaanza kuua zile za upande wa mlangoni. Na s, f, sh zote ni sauti nyembamba. Kwa hivyo anasikia kwamba unaongea. Hasikii unasema nini.

Alipopimwa, mstari kwenye karatasi ulitembea vizuri mpaka karibu na hertz 4,000, ukaanguka shimoni. Daktari hakushangaa. Kwa desibeli 85 una saa 8, alisema. Kila ukiongeza 3, muda unakatwa nusu. Kwa 100 unabaki na dakika 15. Rongai hadi tao, trip moja tu, ushapita hapo.

Kinachoniuma ni kuku. Seli hizo za kuku zikifa, zinamea upya. Kuku, huyu wa kuchinjwa Krisi! Zetu zikienda zimeenda.

Bro alimwomba mwenye gari apunguze sauti. Akajibiwa gari kimya halijazi, na ukisimama stage jioni utaona hakudanganywa. Sasa ananunua vizibo vya sponji kwa chemist. Anaziba sikio moja, la upande wa spika. Lile lingine, anasema, ni la kusikia abiria wakisema "shukisha".