Daftari la mama na filamu ya Rajalakshmi

Mwaka jana nilipewa kutayarisha maelezo mbele ya wanafunzi wenzangu juu ya filamu za kwanza zenye sauti. Nilichagua India ya kusini kwa sababu ya jina moja: T. P. Rajalakshmi.

Alizaliwa 1911, akaozwa angali mtoto, ndoa ikavunjika, naye akaingia katika michezo ya jukwaani, wakati ambapo mwanamke wa jukwaani hakuhesabiwa kuwa mtu wa heshima. Mwaka 1931 akacheza nafasi kuu katika Kalidas, filamu ya kwanza ya Kitamil yenye sauti, iliyopigwa picha Bombay chini ya H. M. Reddy. Hapo ndipo niliposhangaa. Yeye alisema Kitamil, mpenzi wake akamjibu kwa Kitelugu, na wengine wakasema Kihindi. Mapenzi yakaendelea vivyo hivyo! Watu wa Madras wakajaa kuitazama.

Mwaka 1936 akaongoza mwenyewe Miss Kamala, kutoka katika riwaya aliyoiandika yeye, akacheza ndani yake. Kabla yake hakuna mwanamke aliyeongoza filamu ya Kitamil. (Binti yake pia alimpa jina la Kamala.)

Nyumbani kwetu Lubumbashi mama ana daftari. Ameandika humo hadithi za nyanya, Kiswahili kikichanganyika na Kibemba na Kifaransa, mara nyingine katika sentensi moja. Mimi nilikuwa nimeanza kuzisafisha ili nizipeleke kwa mwalimu: "iko" ikawa "ni", Kibemba chote nikakitoa. Kurasa 11 za mwanzo, nilipokwisha kuzinakili, nilizichana na kuzitupa. Zilikuwa zimeingia mafuta ya mawese.

Kisha nikatafuta kipande cha Kalidas cha kuwasikilizisha wenzangu. Hakipo. Filamu nzima imepotea. Jinsi lugha zile zilivyopokezana midomoni mwao, hakuna awezaye kuisikia tena.

Jioni ile nilimwambia mama ukweli juu ya zile kurasa. Alinitazama kwa muda.

"Ulitupa juu ya nini?"

Sikuwa na jibu. Akavuta kiti, akaanza kusimulia upya hadithi ya kwanza. Alisita mara mbili, na mwanzo haukuwa ule niliousoma. Niliandika kama alivyosema, pamoja na "iko" zake zote.